Makao ya Ukuaji

Vidato ambavyo wakwezi huchonga kwenye shina la mnazi havizibi. Mnazi uliochongwa na babu yake mkwezi wa leo bado unakwewa kwa ngazi ile ile. Kingo za vidato zimekuwa nyeusi kwa mvua na jua, lakini umbo ni lile lililoachwa na panga. Mwembe ulio hatua chache pembeni haukubali kuachwa hivyo. Uchonge leo, urudi baada ya miaka kadhaa, utakuta kingo za jeraha zimevimba, zimejikunja kuelekea ndani, pengine zimeshakutana katikati. Shamba ni moja na mvua ni moja.

Sababu iko chini ya gome la mwembe. Hapo pana tabaka la seli changa, jembamba kiasi kwamba kwa macho huonekana kama utelezi tu unapobandua gome bichi. Wanabotania huliita kambiamu. Kazi ya seli zake ni kugawanyika. Zile zinazobaki upande wa ndani hugeuka kuwa mbao, yaani mirija ya kupandisha maji kutoka mizizini. Zinazobaki upande wa nje hugeuka kuwa mirija ya kushusha sukari kutoka majanini. Kila mwaka mti unaongezewa mbao juu ya mbao, na jeraha likitokea, kambiamu ya pembeni hutambaa taratibu kulifunika. Tabaka hilo hilo ndilo linalowezesha miche ya kubebesha: kikonyo cha embe zuri hushika kwenye mche wa embe la kienyeji kwa sababu kambiamu imekutana na kambiamu, na seli za pande zote mbili zimeshona mirija mipya kwa pamoja. Ukichuna gome kulizunguka shina lote, sukari haifiki mizizini, na mwembe hufa kwa njaa polepole huku majani yakiwa bado ya kijani.

Mnazi hauna kambiamu. Mirija yake ya maji na ya sukari imefungwa pamoja katika vifurushi vidogo, maelfu kwa maelfu, vilivyotawanyika ndani ya shina lote. Ukitazama gogo la mnazi lililokatwa utaviona kama vidoa vyeusi, vimesongamana karibu na nje na kupungua kuelekea katikati. Fundi seremala anayetumia mbao za mnazi anaijua habari hii kwa vidole vyake: pembeni msumeno unalia, katikati mbao ni laini na haibebi msumari. Kwa kuwa hakuna tabaka la kuongeza seli kandokando, hakuna cha kuziba kidato, hakuna cha kubebesha, wala shina haliwezi kunenepa uzeeni. Mnazi hujenga upana wake mapema. Katika miaka ya mwanzo hukaa chini, ukipanua kitako chake bila kurefuka, halafu ndipo unaanza kupanda juu kwa upana ule ule. Ukame mkali ukiupata njiani, sehemu inayojengwa wakati huo huwa nyembamba, na wembamba huo hautajazwa kamwe. Kuna minazi yenye shingo katikati ya shina. Ni kumbukumbu ya miaka mibaya ambayo wenye shamba wenyewe huenda wameisahau.

Kuna matokeo mengine ya kukosa kambiamu ambayo kwangu ni ya ajabu kuliko vidato. Katika mwembe mzee, moyo wa shina ni mbao iliyokufa zamani. Seli zilizo hai ziko karibu na nje, na nyingi ni za juzi juzi. Katika mnazi, seli laini zilizo kati ya vifurushi vya mirija hubaki hai tangu zilipoundwa. Mnazi wa miaka sabini una kwenye kitako chake seli zenye umri unaokaribia miaka sabini, zisizobadilishwa, zinazopumua na kuhifadhi wanga. Katika mwili wa binadamu, umri wa namna hiyo tunaupata kwenye seli nyingi za ubongo.

Urefu wote wa mnazi hutoka mahali pamoja: kileleni, ndani ya makunjo ya makuti machanga, kwenye kile kiini cheupe kitamu kinachoitwa kichilema. Katikati yake kabisa kuna nundu ndogo ya seli zisizochoka kugawanyika. Kila kuti, kila karara na kila mrija wa shina umeanzia hapo. Mwembe una vichipukizi kwenye makwapa ya majani yake yote. Ukikata tawi moja, matano yanachomoza. Makwapa ya mnazi nayo yana vichipukizi, lakini karibu vyote vimekwisha kupangiwa kazi ya kuwa karara za maua. Hakuna akiba. Mdudu chonga akichimba hadi kwenye nundu ile, mti umekwisha hata kama shina ni zima na mizizi ina nguvu. Ndiyo sababu kichilema huliwa pale mnazi unapoangushwa: hakuna namna ya kukionja na kubaki na mti.

Swali la wapi hasa mwili unakulia lilipimwa kwa mikono na Stephen Hales, kasisi wa Teddington karibu na London, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1727 katika kitabu Vegetable Staticks. Hales alichukua kipande cha mbao, akakipigilia pini zilizopishana robo inchi, akazichovya kwenye rangi nyekundu iliyochanganywa na mafuta, kisha akavitia vitawi vichanga vya mzabibu nukta zilizo sawa kutoka chini hadi juu. Miezi ilipopita, nukta hazikuwa sawa tena. Zile za sehemu changa zilikuwa zimeachana sana, na zile za sehemu iliyokwisha kukomaa zilikuwa zimesogea kidogo mno.

Angeweza kuishia hapo. Badala yake aligeukia banda la kuku. Alimchukua kifaranga aliyefikia nusu ya ukuaji, ambaye mfupa wake wa mguu ulikuwa na urefu wa inchi mbili, akautoboa matundu mawili madogo yaliyopishana nusu inchi. Baada ya miezi miwili alimchinja na kuufunua mfupa. Ulikuwa umeongezeka inchi nzima, lakini matundu yalikuwa bado yamepishana nusu inchi ile ile. Nimhurumie kifaranga, lakini jaribio lenyewe ni safi: mfupa haurefuki katikati. Unaongezewa mwishoni.

Leo tunajua kinachofanyika huko mwishoni. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu wa mtoto kuna kisahani cha gegedu, tishu laini ya jamii moja na ile inayolipa sikio umbo lake. Seli za gegedu hujipanga safu kwa safu, hugawanyika, huvimba, kisha huacha nyuma yake kiunzi ambacho seli za kujenga mfupa hukivamia na kukijaza madini. Gegedu linasonga mbele, mfupa unafuata. Kwa wasichana visahani hivi kwa kawaida hufunga kwenye umri wa miaka 14 au 15, kwa wavulana kama miaka miwili baadaye, kwa amri ya homoni zile zile zilizoleta ubalehe. Vikishafunga, mahali pa kukulia hapapo tena. Wauzaji wa vidonge vya kurefusha watu wazima, ambao matangazo yao yamejaa mitandaoni, wanauza mbolea kwa shamba lisilokuwepo.

Unene ni habari nyingine. Mfupa umevikwa utando mwembamba wenye seli za kuongeza mfupa kwa nje, na utando huo ndio unaosaidia kuunga mguu uliovunjika. Kwa unene na uponyaji, basi, mguu wetu uko upande wa mwembe. Kwa urefu unafanana na mnazi, isipokuwa mnazi haufungi kazi: ukiwa na miaka sitini bado unatoa kuti jipya takriban kila mwezi.

Hapa ndipo njia za mimea na wanyama zinapoachana. Mmea unabaki na tishu za utotoni maisha yake yote, kwenye ncha za mizizi na vilele, na viungo vyake vipya huundwa hata uzeeni. Mnyama hupanga viungo vyake vyote mapema, akiwa bado tumboni au yaini, na baada ya hapo hukuza na kukarabati tu. Hakuna mtu anayeota mkono wa tatu akiwa na miaka arobaini.

Tofauti hiyo inaendana na jambo dogo lenye uzito mkubwa: seli ya mmea ina ukuta. Imebandikwa kwa jirani yake na haisogei hata chembe. Mmea unajijenga kwa kuchagua tu ukuta mpya upite wapi seli inapogawanyika, na seli ivimbe kuelekea upande gani. Seli ya mnyama haina ukuta, na wakati mwili unajengwa baadhi ya seli husafiri hasa. Nicole Le Douarin wa Ufaransa alilionyesha hili mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kutumia mayai ya kuku na ya kware. Alikuwa amegundua kwamba kiini cha seli ya kware, kikitiwa rangi chini ya hadubini, hutofautika wazi na cha kuku. Basi akakata kipande kidogo cha mgongo wa kiinitete cha kware, akakipandikiza mahali pake kwenye kiinitete cha kuku, akafunika yai na kusubiri. Seli za kware zilitoka mgongoni zikaonekana kwenye neva za utumbo, kwenye seli za rangi za ngozi, kwenye mifupa ya uso. Safari hiyo yote hufanyika kabla kifaranga hajafikia siku yake ya 21 ya kuanguliwa. Zikishafika, seli hutulia, hushika kazi, na nyingi hazibadilishi kazi tena.

Zipo tishu zinazoendelea kujifanya upya: utando wa ndani wa utumbo hubadilishwa kwa siku chache tu, ngozi ya juu kwa takriban mwezi mmoja. Lakini hata huko, seli shina, yaani seli mama inayozaa seli mpya, ikiwa ya utumbo hutoa utumbo, na ikiwa ya ngozi hutoa ngozi.

Turudi kwenye nazi, maana ndani yake kuna tishu isiyo na mfano wa karibu mwilini mwetu. Tunda la mnazi lina mpangilio ule ule wa embe. Makumbi yako mahali pa nyama ya embe, ila yamejaa nyuzi. Kifuu kiko mahali pa ganda gumu la kokwa, na ugumu wake unatokana na seli zilizojijengea kuta nene mno, zikafa zikiwa ndani. Macho matatu ya kifuu ni alama ya sehemu tatu zilizoungana kulifanya tunda, na ni jicho moja tu laini, lile lililo juu ya kiinitete. Kilichobaki ndani, maji na nyama, si sehemu ya kiinitete wala si mwili wa mnazi mama. Ni chakula cha mtoto, kilichotungwa kwa urutubisho wa pili. Mwaka 1898 Mrusi Sergei Nawaschin alieleza kwamba katika mimea ya maua chavua huleta mbegu mbili za kiume: moja huungana na yai, nyingine huungana na viini vingine vya mfuko wa yai na kuanzisha tishu ya akiba. Ugali wa mahindi ni tishu hiyo. Tui ni tishu hiyo.

Kwenye mnazi tishu hii huanza kwa namna ya pekee. Kiini kimoja hugawanyika kuwa viwili, vinne, vinane, mamia, na hakuna ukuta unaojengwa kati yao. Kitale, yaani nazi changa, kinakua, uwazi wake unajaa maji, na viini vinaelea humo kwa uhuru: ni nyumba iliyojaa wapangaji kabla ya vyumba kukatwa. Kuta huja baadaye, zikianzia pembezoni, ndipo utando laini wa dafu unapojipaka ndani ya kifuu. Unakuwa mzito hatua kwa hatua, dafu linakuwa koroma, koroma linakuwa nazi, kazi ya takriban mwaka mzima tangu ua lirutubishwe. Nazi ikianza kuota, sehemu ya kiinitete huvimba kuelekea ndani na kuwa joya, sponji tamu inayofyonza nyama na maji na kuyapeleka kwa mche. Watoto wa pwani wanaokimbilia joya wanakula kiungo cha kunyonyea cha mche wa mnazi.

Maji yanayokuza tishu changa kwa kasi hiyo lazima yawe na kitu zaidi ya sukari. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake nchini Marekani walitaka kukuza viinitete vya mnanaha nje ya mbegu. Vile vichanga sana vilikuwa vikifa hata vikipewa sukari, chumvi na vitamini. Walipovitia maji ya nazi, vilikua. Kisha F. C. Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell alikata vipande vya mzizi wa karoti, akaviweka kwenye chupa zilizozungushwa polepole zenye maji ya nazi. Seli zilizokuwa zimestaafu kwenye kazi ya kuhifadhi chakula zilianza kugawanyika, zikachopoka, zikaelea, nyingine zikajipanga kama viinitete, na hatimaye zikatoa mizizi na majani. Taarifa za 1958 kutoka kwake, na kutoka kwa Jakob Reinert aliyefanya kazi kama hiyo Ujerumani, zilithibitisha wazo ambalo Gottlieb Haberlandt alilitoa mwaka 1902: kwamba seli ya kawaida ya mwili wa mmea inabeba uwezo wa kuwa mmea mzima.

Kilichokuwa kikiziamsha seli kilieleweka kwa njia ya kuzunguka. Folke Skoog na Carlos Miller, kule Wisconsin, walijaribu vitu vingi kwenye seli za tumbaku, na mwaka 1955 wakakipata chenye nguvu ndani ya DNA ya mbegu za kiume za samaki aina ya heringi iliyokuwa imepikwa kwa mvuke. Ajabu ya utafiti ndiyo hiyo. Kitu hicho kilifungua kundi la homoni zinazoitwa saitokinini, na wenzake wa kundi hilo walipatikana baadaye kwenye mahindi machanga na kwenye maji ya nazi. Mwaka 1957 wakaonyesha kanuni ambayo maabara za miche zinaitegemea hadi leo. Homoni mbili zinashindana. Oksini ikizidi, donge la seli linatoa mizizi. Saitokinini ikizidi, linatoa machipukizi. Zikilingana, donge linabaki donge. Migomba ya maabara inayopandwa na wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania imetokana na kanuni hii: kilele cha mgomba usio na ugonjwa hukatwa, huwekwa kwenye chupa yenye saitokinini, hutoa machipukizi mengi, kisha huhamishiwa kwenye mchanganyiko wa kuotesha mizizi.

Kwa wanyama mlango haukufunguka kwa maji ya tunda. John Gurdon alionyesha mwaka 1962 kwamba kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, kikiwekwa kwenye yai lililoondolewa kiini chake, kinaweza kuongoza ujenzi wa chura mzima. Maagizo yote yalikuwamo. Utumbo ulikuwa umeyafunga tu. Kondoo Dolly, aliyezaliwa mwaka 1996 kutokana na seli ya kiwele, alithibitisha hilo kwa mamalia, na mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alirudisha seli za panya kwenye hali ya utoto kwa kuongeza jeni nne. Lakini hayo ni ya maabara. Mjusi wa ukutani, anayesifiwa kwa kuotesha mkia, hurudisha mkia wa bei nafuu: ndani hauna pingili za mifupa, una bomba moja la gegedu.

Ndiyo maana taarifa ya mwaka 2012 kutoka Kenya iliwashtua wengi. Ashley Seifert na wenzake waliwakamata panya wenye manyoya ya miiba, jamii ya Acomys, kwenye nyanda za Laikipia. Ngozi ya panya hawa ni dhaifu mno. Adui akiwashika, inachanika na kubaki mdomoni mwake, kipande kikubwa kabisa cha mgongo. Kwa mamalia mwingine, jeraha la namna hiyo huzibwa na kovu, tishu ngumu ya nyuzi isiyo na nywele wala tezi. Panya wa Laikipia huotesha ngozi yenye vinyweleo na tezi, na nywele hurudi. Watafiti walipowatoboa masikio tundu la milimita nne, tundu lilizibwa, na ndani yake mlikuwa na gegedu jipya. Pembezoni mwa jeraha seli zilikusanyika na kugawanyika, mfano wa kile kinachoonekana kwa salamanda anayeotesha mguu. Huyu ni mamalia kama sisi, mwenye damu ya moto. Kufunga kwetu mlango si sheria ya mamalia wote.

Mnazi wenyewe, baada ya kuamsha karoti na mnanaha, uligoma kuamshwa. Kwa miongo mingi maabara zilijaribu kuuzidisha kwenye chupa zikaishia na madonge yanayogeuka rangi ya kahawia na kufa. Hilo si suala la udadisi tu. Nazi haihifadhiki kwenye ghala la mbegu: ni kubwa, ina maji, na ikikaushwa kiinitete kinakufa, kwa hiyo aina za minazi hutunzwa zikiwa miti hai mashambani. Na mashamba hayo hushambuliwa na ugonjwa wa vijidudu wanaoishi ndani ya mirija ya sukari, wakisambazwa na wadudu wafyonzaji. Umeua minazi mingi kwenye pwani ya Tanzania na Msumbiji, na ugonjwa wa aina hiyo umefika karibu na shamba la hifadhi la Côte d'Ivoire. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba wamefaulu kupata machipukizi zaidi ya moja kutoka kwenye mche mmoja. Hawakupitia kwenye donge la seli. Walivishawishi vichipukizi vya makwapani, vile vinavyosubiri kuwa karara, vitoe mashina badala ya maua.